Nilimng'oa rafiki yangu kwenye kiti kwa sheria ya Waingereza, na sababu ilikuwa wivu tu

Wakuu, salaam kwenu nyote. Mlio kazini, mlio safarini, na nyie mnaosoma nyuzi za watu miaka yote bila kuacha hata comment moja, nawaona.

Hii si chai, yaani si hadithi ya kutunga. Atakayesema ni chai anywe tu, mimi nitaendelea kusimulia. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa, pamoja na zile sehemu zinazonivua nguo hadharani.

Kwanza mnifahamu kidogo. Mimi ni Mkongo wa milima ya Kivu Kusini, lakini nimekulia kambini Kigoma. Ndiyo maana naandika Kiswahili cha kwenu, ingawa nyumbani tunaongea cha Kivu. Baadaye mimi, mke na watoto tukaletwa Marekani, mji wa Buffalo; mama na mdogo wangu wakabaki kambini. Nikanunua nyumba ya bei chee mtaa wa Black Rock, nikapata kazi kiwanda cha milango kule Lackawanna.

Mtu wa pili kwenye kisa hiki anaitwa Zebedayo. Zebe. Kambini nyumba zetu zilipakana ukuta, tumeota moto mmoja, tumechapwa na mwalimu mmoja. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa wa kwanza darasani na yeye alikuwa wa kwanza kuulizwa alipo akichelewa.

Shikeni hiyo tofauti. Ndiyo ugonjwa wangu wote.

Basi bwana, huku Marekani watu wa milima yetu wengi wako miji mitatu: Louisville, Columbus na Buffalo. Tulikuwa na chama cha kusaidiana, lakini uongozi wake ulikuwa vurugu. Kila uchaguzi kamati nzima inafagiliwa, wanaingia wapya wasiojua hata ufunguo wa ukumbi uko kwa nani, mwaka unaofuata tena fagio. Mwishoni wazee wakasema wapatikane watu wa kuandika katiba mpya.

Nani anajua kuandika? Mimi. Nikapewa kazi.

Sasa nina mtoto wa baba mkubwa, Deo, yeye alipelekwa Uingereza, wilaya moja ya mashambani ambayo hata Waingereza wenyewe wengi nadhani hawaijui. Anafanya usafi kwenye ukumbi ambao halmashauri ya wilaya hiyo huhesabia kura. Nilipomweleza shida yetu akanitumia link ya ukurasa wenye historia yote ya uchaguzi wa halmashauri yao, tangu miaka ya sabini.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Kuna watu wanaangalia mpira, kuna watu wanaangalia tamthilia. Mimi nilianguka kwenye ule ukurasa.

Jedwali refu, mwaka baada ya mwaka, lina rangi. Chama cha bluu miaka kumi, halafu chekundu, halafu njano wanaibuka kusikojulikana, halafu miaka ambayo hakuna mwenye wingi na wote wanalazimika kuongea. Chini kuna orodha ya chaguzi ndogo zote na sababu zake: huyu alifariki, huyu alijiuzulu, huyu alihama. Kuna kata moja ndogo ambayo mzee mmoja asiye na chama aliishika mpaka vyama vikachoka kuweka wagombea. Nikamuuliza Deo siri ya yule mzee. Akanijibu kwamba alikuwa anapita nyumba kwa nyumba anauza mayai.

Nikacheka, nikaendelea kusoma. Hasidi haoni somo hata likiwekwa kwenye sahani yake.

Kilichonivutia zaidi ni utaratibu wao. Hawachagui madiwani wote kwa mpigo. Mwaka huu theluthi moja, mwakani theluthi nyingine, mwaka wa tatu theluthi ya mwisho, mwaka wa nne wanapumzika. Kwa hiyo kila wakati wapo wazoefu ndani.

Nikapiga meza. Theluthi tatu, miji mitatu! Louisville wachague 2013, Columbus 2014, Buffalo 2015, mwaka wa nne kupumzika. Kila mji una kiti kimoja kikuu, anayekikalia ndiye Prezida wa mji huo.

Wazee wakaipitisha katiba yangu kwa makofi. Na nikateuliwa msimamizi wa uchaguzi wa miji yote.

Niseme ukweli, Buffalo niliiweka mwisho makusudi. Nilitaka watu wanione miaka miwili mfululizo nikitangaza matokeo ya wenzao nikiwa na suti, ili zamu yetu ikifika jibu liwe limeshajulikana.

Louisville ilienda vizuri. Tulisafiri kwa van, Zebe akiendesha. Niliwapanga wagombea mstari mmoja nyuma yangu kama nilivyoona kwenye video za Deo, nikasoma kura kwa sauti ya mahakama. Nilijisikia mtu.

Nikageuka baada ya kutangaza nione watu wanakuja kunipongeza. Wote wako jikoni. Zebe, aliyekuja kama dereva tu, amekunja mikono ya shati anasonga bugali wa watu mia, akina mama wanamwita kwa jina na hawana hata saa tano tangu wamjue. Mama mmoja wa Louisville akapaza sauti, "Weye njo batakupigia kura kule Buffalo, eh?" Yaani yeye ndiye watakayemchagua.

Zebe akacheka. Mimi sikumalizia bugali wangu.

Columbus ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Wagombea wawili wakapata kura sawasawa. Tukahesabu tena, sawa. Ukumbi ukachafuka, kila upande unasema umeibiwa. Mimi moyoni nilifurahi, maana jibu nilikuwa nalo! Uingereza kura zikilingana inapigwa kura ya bahati, wanachomoa jina. Nikasimama nikaeleza. Nikataja sheria yao, nikataja mifano, dakika kumi nzima.

Wakaanza kuguna. Mzee mmoja akasema, kwa Kiswahili chetu cha kuchanganya Kifaransa, "Donc, uongozi wetu sasa ni kamari?"

Zebe akainua mkono akiwa ameketi kule nyuma. Akasema kwa upole, "Bon, mitume pia balifanya vile. Nafasi ya Yuda, balipiga kura ya bahati, ikamuangukia Mathiya."

Ukumbi mzima: Ameeen! Makofi, vigelegele. Majina yakatiwa kwenye kofia, likachomolewa moja, aliyeshindwa akamkumbatia aliyeshinda, wakaimba.

Wakuu, ni jambo lilelile. LILELILE. Mimi nimeongea dakika kumi nimegunwa, yeye sentensi moja amepigiwa vigelegele. Njiani kurudi Buffalo sikumsemesha. Aliniuliza kama naumwa, nikasema kichwa. Akasimama kituo cha mafuta akaninunulia dawa na chai. Nilikunywa ile chai nikiwa namchukia.

Ikafika 2015, zamu ya Buffalo.

Mimi nilijaza fomu ya kugombea wiki ya kwanza. Zebe hakujaza. Siku ya mwisho kabisa, Mama Sifa, mama mmoja mtu mzima anayeheshimika sana hapa kwetu, akasimama kanisani baada ya ibada.

"Miye natia jina ya Zebedayo. Njo mutu anakuyaka."

Yaani yeye ndiye mtu ambaye huwa anakuja. Hakuongeza neno. Hakutaja elimu, hakutaja katiba, akakaa.

Siku ya kura mimi ndiye mgombea na mimi ndiye msimamizi, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kujaza zile fomu nilizobuni mwenyewe. Nikasimama mbele na suti yangu, nikasoma: Zebedayo hamsini na mbili, mimi kumi na tisa.

Katika hao kumi na tisa, sita ni wa nyumbani kwangu au ni wakwe. Na mke wangu hadi leo sina uhakika naye.

Nikampa mkono. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Usiku ule sikulala, na nyingi zilizofuata pia. Nikimwona anaegesha kile kigari chake, roho inaniuma. Nikisikia watoto wangu wanamwita anko, roho inaniuma. Akipungua unene nasema anajionyesha, akinenepa nasema ndiyo hayo madaraka. Wivu wakuu hauna likizo.

Mke wangu aliniona. Akaniambia jikoni bila kugeuka, "Papa Neema, weye uko na wivu. Donc unataka batu bakupende kwa nguvu?"

Nikamwambia hajui siasa.

Hapa niweke jambo moja la kwetu, maana bila hilo hamtaelewa. Kiti hiki kazi yake kubwa si mikutano. Kwetu habari ya msiba mfiwa hapigiwi simu. Ni mwiko. Mtu akifiwa, ndugu walioko mbali wanampigia mtu mwingine wa mji wake, huyo anakusanya watu watatu wanne, wanakwenda pamoja mpaka alipo mfiwa, wanamwambia uso kwa uso wakiwa wamemshika. Halafu wanamnyang'anya simu, wanapokea wao mpaka kilio kiishe. Yule anayepigiwa kwanza ndiye mtu mkubwa wa mji, hata kama hana suruali ya pili.

Katika katiba niliandika kwamba anayepigiwa kwanza ni Prezida. Ndicho nilichokuwa nakitaka, kusema kweli. Nilitaka niwe yule anayepigiwa.

Sasa njoo kwenye dhambi yenyewe.

Kipupwe cha mwaka huo nilirudi kwenye ule ukurasa wa Deo kujiliwaza. Kwenye orodha ya chaguzi ndogo nikakuta moja ambayo sababu yake haikuwa kifo wala kuhama. Diwani alipoteza kiti kwa kutohudhuria kikao chochote miezi sita mfululizo.

Moyo ukaruka. Kwa sababu kifungu hicho nilishakiandika kwenye katiba yetu! Kifungu cha kumi na nne, nilikinakili kwa Waingereza na hakuna aliyekisoma.

Nikafungua daftari la mahudhurio, ambalo nalishika mimi.

Zebe alikuwa analea wazee nyumba moja kule Kenmore, na wamemhamishia zamu ya Jumamosi. Mikutano yetu ni Jumamosi moja kila mwezi, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Alikuwa amekosa mitatu tayari. Mtu akijifungua anaenda, mtu akilazwa anaenda, theluji ikiziba mlango wa mjane anaenda na koleo lake. Lakini kwenye kikao haonekani, na kwenye daftari kuna alama ya sifuri.

Mtu mwenye roho nzuri angempigia simu, "Kaka, angalia kifungu cha kumi na nne." Mimi nilinyamaza. Mwezi wa nne sifuri, mwezi wa tano sifuri. Nilikuwa naweka zile sifuri kwa kalamu nzuri.

Na kuna kitu kingine. Nilipokuwa nasoma sheria yao vizuri nikagundua ina mlango: kama wenzako kwenye halmashauri wameikubali sababu yako kabla miezi sita haijaisha, hupotezi kiti. Ule mlango nilipoandika yetu niliuruka kwa bahati mbaya. Safari hii niliuona, nikauacha ulivyo kwa makusudi.

Jumamosi ya mkutano wa sita, asubuhi, simu yangu ikaita. Zebe.

"Papa Neema, bon, leo reunion iko? Bananipatia shift Kenmore, lakini kama iko na kitu ya muhimu, mi nakuya."

Wakuu, alikuwa tayari kuja. Neno moja tu kutoka kwangu.

Nikamjibu, "Hapana kaka. Leo ni kusoma rapporti tu. Enda ku kazi, usipoteze siku."

"Aksanti, kaka," akasema. Akaniombea baraka, akakata.

Saa nane mchana nikasimama chini ya kanisa, nikasoma kifungu cha kumi na nne neno kwa neno, nikaonyesha daftari. Kiti cha Buffalo kiko wazi. Watu wakatazamana. Mama Sifa akatoka nje na simu yake, akarudi, akanitazama muda mrefu.

Nilitegemea vita. Jumapili Zebe akaja kanisani kama kawaida, akaulizwa kama atapinga. Akasema, "Sheria ni sheria. Papa Neema aliandika, tukapiga makofi. Tuifuate." Wakamwomba agombee tena kwenye uchaguzi mdogo, akakataa, akasema Jumamosi hana.

Hakuna mwingine aliyechukua fomu. Nikapita bila kupingwa. Nilijitangaza mwenyewe, nikajipa mkono kwa namna fulani, nikaandika jina langu kwenye jedwali langu la Buffalo na kuweka alama ya rangi. Nikamtumia Deo picha.

Deo akajibu kwa sauti, "Hongera. Lakini huyo mwenzio hamkumpa ruhusa? Huku mtu akiwa na sababu ya kazi au ugonjwa wanampa ruhusa, yanaisha."

Sikumjibu Deo mwezi mzima.

Sasa nina kiti. Nina muhuri, nina ufunguo wa ukumbi. Naweka simu mezani sauti juu, nasubiri.

Kimya.

Mtoto amezaliwa, nasikia wiki ya pili. Mzee amelazwa, namkuta ameshatoka. Hapo ndipo Zebe akaanza kunipigia yeye, kila tukio, kwa heshima zote: "Prezida, nakujulisha, kuko kilio kwa fulani, tunakungojea." Yaani watu wanampigia yeye, halafu yeye ananiripotia mimi kama mfanyakazi wangu. Hamjui inavyochoma. Bora angenitukana.

Nikatoa tangazo kanisani: kuanzia leo taarifa zote za misiba zipite kwa Prezida KWANZA, anayekiuka ataandikiwa barua. Watu wakaitikia ndiyo, ndiyo. Halafu wakaendelea kumpigia Zebe, na Zebe akaendelea kunipigia mimi.

Nikamlalamikia binti yangu Neema, miaka kumi na minne, nikidhani mtoto atakuwa upande wangu. Hakuinua hata macho kwenye simu yake.

"Dad, everybody just calls Uncle Zebe. It's not that deep."

Yaani nakuza jambo dogo. Nilimtoa nje ya sebule.

Miezi ikapita hivyo. Ikafika siku ya kazi moja ya kawaida, mapumziko ya saa nne asubuhi. Tunatoka nje ya kiwanda kwenye parking, wengine wanavuta sigara, wengine wanakula. Nimeshika kiazi changu cha kuchemsha.

Nikamwona Zebe.

Anakuja kutoka upande wa magari na wanaume wawili wa kanisani kwetu, nyuma yao Mama Sifa amejifunga kitenge juu ya koti. Wanatembea polepole.

Mimi damu ikanipanda. Nikajua kuna msiba, nikajua kuna mtu kati ya wafanyakazi wenzangu Wakongo pale kiwandani amefiwa, na nikajua wamekusanyana wamekuja mpaka hapa KAZINI KWANGU bila kunipigia mimi kwanza. Mbele ya watu wote wanaonijua kama Prezida.

Sikungoja wafike. Nikawafuata nikiwa nimenyoosha kidole.

"Zebe, ni mambo gani haya? Tumekubaliana nini? Taarifa inapita kwa nani kwanza? Nani amekufa, na kwa nini mimi sijapigiwa?"

Akazidi kuja, polepole vilevile.

"Nakuuliza! Mimi nani katika mji huu? Kwa nini mimi sijapigiwa simu?"

Niliuliza mara mbili, wakuu. Kwa sauti. Mtu wa milima, mtu aliyeandika ile katiba, nikasimama kwenye parking nauliza kwa nini mimi sikupigiwa simu ya msiba.

Zebe akawa ameshanifikia. Akanishika mkono wa kulia, mmoja wa wale wanaume wawili akanishika wa kushoto. Mama Sifa akaja kwa nyuma akaniwekea viganja mgongoni.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sikupigiwa.

"Papa Neema," Zebe akasema, "mama yetu ametutoka. Leo asubuhi, kule kambini."

Sikumbuki kiazi kilienda wapi. Nakumbuka kwamba sikuanguka, kwa sababu walikuwa wamenishika vizuri. Nakumbuka Zebe ameingiza mkono kwenye mfuko wangu wa koti akachukua simu yangu, akaiweka kwenye mfuko wake.

Alisema mama yetu, na hakuwa anapamba maneno. Alikula kwa mama yangu kambini kama mimi.

Nilipofika Black Rock nyumba ilikuwa imeshapangwa. Makochi yametolewa, mikeka iko chini, sufuria zinachemka, watu wamejaa mpaka ngazini. Wale waliokuwa hawanipigii simu, wote walikuwa pale. Hakuna aliyekosekana. Waliniimbia siku tatu, wengine wakitoka zamu wanaingia na buti zao za kazi.

Baadaye nilipoongea na mdogo wangu aliyeko kambini nikamuuliza kwa nini alimpigia Zebe. Akashangaa swali. "Kaka, habari kama ile mtu ampigie nani? Huku wote namba ya Zebe tunayo."

Siku ya tatu jioni watu walipopungua, nilikaa na Zebe mkekani. Nikamwambia yote. Daftari, sifuri, ule mlango niliouruka, na ile simu ya Jumamosi asubuhi. Nilisema nikiangalia chini.

Akasema, "Nilijua."

Nikainua kichwa.

"Mama Sifa alinipigia simu ile siku, batu bakiwa mu reunion. Niliumia, nisikudanganye. Nililia mu gari. Kiisha nikasema, bon, acha akae pale, pengine roho yake itapumuzika." Akanitazama. "Ilipumuzika?"

Nikamwambia hapana. Hata siku moja.

Na mnajua kitu cha ajabu? Pale pale mkekani, mama yangu hana siku nne ardhini, nilimwonea wivu tena. Nilimwonea wivu kwa sababu aliweza kusamehe namna ile, na mimi, ninavyojijua, nisingeweza.

Wiki iliyofuata niliandika ule mlango kwenye kifungu cha kumi na nne, wakaupitisha. Nikaandika na barua ya kujiuzulu kiti. Kwenye sehemu ya sababu nimeweka "sababu binafsi", kama madiwani wa Deo.

Hapo ndipo nilipokwama, na ndiyo maana nimeleta uzi. Uchaguzi mdogo unakuja, na kwa kuwa sasa mlango wa ruhusa upo, jina la Zebe limo. Zebe amenikataza nisiseme hadharani. Anasema imeisha, kusema kutagawa watu. Mama Sifa anajua na hajasema. Lakini watu wengine wanaamini Zebe alizembea mikutano, na kuna wanaosema wazi kwamba hawatampa tena kwa sababu hiyo. Jina lake limechafuka kwa kazi ya mkono wangu, na anataka libaki chafu ili langu libaki safi. Nikinyamaza namwonea mara ya pili. Nikisema, namvunjia neno, na watoto wangu watajua baba yao ni mtu wa namna gani.

Nilichojifunza ni kimoja. Kiti unaweza kumpokonya mtu, kwa hila au kwa karatasi. Lile lililofanya watu wamwite halipokonyeki, na ukikaa kwenye kiti chake ndipo utakapolisikia vizuri kwamba huna. Nilidhani namwonea wivu kwa cheo. Kumbe cheo nilikipata na wivu haukupungua hata chembe.

Njooni wakuu, mseme. Wenye mawe rusheni, nimeyastahili. Ila kabla ya kurusha niambieni kwanza hili: ungekuwa ni wewe, ungesimama kanisani ukasema?

Kwa sababu leo nimemaliza kuandika majina ya wagombea kwenye karatasi za kura, na kama kawaida, msimamizi wa uchaguzi Jumamosi ni mimi.